Coaster ya Aikaeli na Masale ya Rodrick

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, Wilaya ya Meru
Tarehe: 16 Juni 2025, saa 5:10 asubuhi
Jina: Ndeshi Sifael
Umri: Miaka 62
Kabila: Mmeru
Dini: Mkristo, Mlutheri
Kazi: Fundi cherehani wa mahema na viti vya magari
Makazi: Akheri
Mlalamikaji: Rodrick Nnko
Mtuhumiwa: Aikaeli Nnko

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya nikiwa na akili zangu timamu na bila kulazimishwa na mtu. Afande Violet amenieleza kwamba kwa kuwa mtuhumiwa ni mume wangu, sheria hainilazimishi kusema lolote dhidi yake. Nimemjibu kwamba dhidi yake sina neno. Dhidi ya mlalamikaji ninayo maneno mengi, nimeyabeba tangu mwezi wa tano, kwa hiyo naomba asiishiwe karatasi.

Mume wangu alikuwa dereva wa watalii maisha yake yote ya kazi. Mimi nilishona mahema walimolala wageni wake. Wageni walilala kwenye hema nililolishona mimi, na yeye alilala kwenye kiti cha dereva, miguu juu ya dashibodi, hadi asubuhi. Alikuwa akirudi nyumbani ananiambia, "Mama Anneth, siku moja na mimi nitakuwa mgeni. Nitalala nyuma. Nikiamka nafungua pazia, naona bahari." Nilikuwa nacheka. Baadaye nikaacha kucheka, kwa sababu niliona mtu hatanii.

Alipostaafu alinunua basi dogo chakavu aina ya Coaster kwenye mnada wa kampuni moja ya utalii mjini Arusha. Fundi wetu Bariki, mwenye gereji Tengeru, aling'oa viti akaweka kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na kabati. Kitanda kiliwekwa upande wa kushoto. Hili naomba liandikwe, maana lilikuwa na sababu yake. Ukitoka Tanga ukishuka kusini, bahari iko kushoto. Aikaeli alitaka aione akiwa amelala, na kichwa cha kitanda kiinuliwe kwa ajili ya kifua chake.

Kifua chake ni kibovu. Ni vumbi la mbugani pamoja na baridi ya kwetu. Afande anaijua Akheri mwezi wa saba, ukungu unaingia mpaka ndani ya sufuria. Mwezi wa nne mwaka huu alilazwa hospitali, na daktari alinivuta pembeni akaniambia waziwazi kwamba msimu mwingine wa baridi huku mlimani mzee huenda asiumalize. Sikumwambia Aikaeli. Nilimwambia tu, "Safari yetu ni mwaka huu."

Safari yenyewe tulikuwa tumeipanga muda mrefu, na tuliigombania kama watoto. Tungeondoka katikati ya mwezi wa sita tukae pwani mpaka mwezi wa tisa uishe. Tanga tungeegesha kwenye uwanja wa usharika, mchungaji alishakubali. Pangani tungevuka na kivuko. Yeye alitaka tukae Pangani mwezi mzima kwa sababu ya samaki, mimi nikasema mtu wa ndizi na nyama mwezi mzima wa samaki atanisumbua. Bagamoyo tungepumzika. Dar es Salaam tungepita tu, hatulali, foleni ile ya nini na sisi ni wazee. Halafu Kilwa, Lindi, na mwisho Mikindani, ambako alishawahi kupeleka wageni akakaa saa mbili tu akageuza gari. Alisema saa mbili zile zilimuuma kuliko safari zote.

Dari la ile gari nililishonea turubai jeupe, na juu yake nikadarizi pwani yote kwa uzi wa bluu. Kila mahali pa kulala nikaweka kifungo. Vifungo nilivitoa kwenye mashati yake ya kazi ya kaki, yale yaliyochakaa. Alikuwa analala chali pale kitandani, gari likiwa bado limesimama uani kwetu, anagusa kifungo kimoja kimoja kwa kidole. Mtu akipita njiani angedhani mzee amerukwa na akili.

Sasa nakuja kwa Rodrick. Rodrick ni mdogo wake Aikaeli, kitinda mimba wa nyumba yao. Nilipoolewa alikuwa hajaanza shule. Mimi ndiye niliyemwogesha, na kaptura yake ya kwanza ya shule niliishona kwa mkono kabla sijapata cherehani. Nasema haya ili ieleweke kwamba simwongelei mtu wa barabarani.

Mume wangu akiwa bado wodini, Rodrick alikuja nyumbani akasema, "Shikamoo Mama Anneth. Nimeona paa la Coaster linavuja. Kikatiti kuna fundi wa kuchomelea, mzuri sana. Nipe funguo nilipeleke, kaka akitoka alikute limekaa sawa." Nilimpa funguo, na nilimshukuru. Nilimfungia na ndizi mbivu za njiani. Nikikumbuka zile ndizi napata hasira upya.

Aikaeli alipotoka hospitali gari halikuwepo. Nikipiga simu, Rodrick anasema fundi amepata msiba. Nikipiga tena, anasema umeme umekatika. Siku nyingine hapokei kabisa. Aikaeli akasema tumwache, kijana ana shughuli nyingi. Kijana! Mtu ana mvi kidevuni.

Mwishoni mwa mwezi wa tano, siku ya soko, nilikwenda Kikatiti kununua uzi na nyavu za mbu za kuweka madirishani. Pembeni ya barabara kuu iendayo Moshi niliona mapazia yangu. Niliyatambua kabla ya kulitambua gari, maana niliyashona mimi. Lile gari lilikuwa limepakwa rangi ubavu mzima: bahari ya bluu, mchanga, minazi miwili na mwanamke amevaa miwani. Juu yake imeandikwa RODI BEACH PUB. Yaani alichukua gari la kutupeleka baharini, akachora bahari ubavuni, akauza bia.

Niliingia. Kitanda cha mume wangu kilikuwa kimegeuzwa benchi, na kile kichwa kilichoinuliwa kwa ajili ya kifua kilikuwa kimewekewa kreti. Dari lilikuwa tupu, mabati yanaonekana. Nikauliza turubai la juu liko wapi. Binti anayehudumia, anaitwa Kandida, akasema, "Lipi mama? Lile jeupe?" akanyoosha kidole chini mlangoni. Walilifanya dekio. Watu walikuwa wanafutia miguu Pangani na Kilwa. Kifungo cha Mikindani kilikuwa bado kimeshika.

Kandida simlaumu, hakujua. Nilimwomba lile dekio akanipa, akaniuliza kama naumwa, nikasema hapana. Namwambia afande ukweli, kama Rodrick angekuwepo pale dakika ile, leo mtuhumiwa angekuwa mimi na kesi ingekuwa nyingine.

Hakuwepo. Nilirudi nyumbani nikaenda moja kwa moja kwa mshili, yaani kiongozi wa ukoo. Aliitisha kikao nyumbani kwetu Akheri Jumapili tarehe 1 Juni, baada ya ibada. Nilijiandaa. Nilikuwa na maneno ya kumwambia Rodrick mbele ya wazee wote, na nilitaka kila mtu asikie kuhusu dekio. Nilitaka aaibike mpaka akose pa kuweka uso.

Rodrick alikuja na jani la masale mkononi.

Afande si wa huku, ameniomba nieleze masale ni nini ili atakayesoma aelewe. Masale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya mashamba. Kwetu Wameru, na kwa Wachaga pia, mtu aliyekosa akitaka msamaha analeta jani la masale kwa aliyemkosea. Jani likiletwa halikataliwi. Hata kama ameua ng'ombe wako, hata kama amekutukania mama yako. Unalipokea, na ukishalipokea humshitaki tena popote.

Basi alipiga magoti mbele yangu na suruali yake ya ibada. Akasema, "Mama Anneth, nimekukosea wewe na kaka. Gari nililichukua kwa ujanja. Jumatano nalirudisha, na rangi naifuta. Nisamehe." Wazee wote wakanitazama. Nilipokea lile jani kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, na Aikaeli akalia. Watu wakanywa chai. Rodrick alikula maandazi yangu, tena akaomba aongezwe.

Jumatano gari halikuja, wala wiki iliyofuata. Nilipompata kwenye simu niliweka sauti ya nje ili Aikaeli naye asikie. Rodrick alisema hivi, na ninayanukuu kama yalivyo: "Shemeji, si mlipokea masale? Mambo yameisha. Sasa hivi biashara imechanganya, wateja ni wengi, nyinyi wazee mnakwenda pwani kufanya nini na kifua hicho? Kaka akifia huko nani atamrudisha?" Kisha akakata.

Aikaeli alitoka nje akakaa mahali ilipokuwa inaegeshwa Coaster, pale palipobaki alama ya mafuta ardhini. Baridi ilishaanza. Nilimpelekea koti, nikasikia kifua chake kinavyokoroma, nikasema moyoni, Rodrick, wewe utanitambua.

Nilirudi kwa mshili. Nikamuuliza, nikienda polisi je? Akasema, "Ukienda polisi, mama, wewe ndiye utakayekuwa umevunja masale, na lawama itakugeukia wewe." Nikamuuliza, na nikimrudishia jani lake? Akasema, "Hilo lipo. Akilitumia kudanganya, mwenye kulipokea anaweza kulirudisha. Lakini mimi nimeliona mara moja tu maishani. Mtu akirudishiwa masale, huku mlimani hakuna nyumba atakayokaribishwa chai. Harusini hapewi kiti. Akifiwa, watu wanakuja wanazika wanaondoka bila kumpa mkono. Fikiria vizuri, huyo umemlea." Nilifikiria. Nikakumbuka ile kaptura, nikaliweka jani nyuma ya kalenda ukutani.

Kuhusu tukio analolalamikia, maelezo yangu ni haya. Mnamo Jumamosi tarehe 14 Juni, mchana, mimi na Aikaeli tulikwenda Kikatiti kwa pikapu ya Bariki. Bariki alitushusha akaondoka, hana kosa lolote. Tuliingia kwenye ile Coaster kama wateja. Aikaeli aliagiza soda ya tangawizi. Ndani kulikuwa na wanaume watatu wanakula mishkaki. Kandida alikuwa nje kwenye jiko la mkaa, na Rodrick hakuwepo.

Afande ameuliza baa inawezaje kuondoka. Iliweza kwa sababu ya ujanja wa Rodrick mwenyewe. Watu wa vibali walipokuja kumuuliza kibanda hiki umejenga kwa ruhusa ya nani, aliwajibu kwamba hicho si kibanda, ni gari limepumzika. Kwa hiyo alilazimika kuliacha na matairi yake, yenye upepo, na kuliwasha kila siku ili betri ipigie muziki. Funguo zilikuwa palepale. Nilifurahi sana nilipoziona.

Aikaeli alimaliza soda yake, akasimama, akaenda akakaa kwenye kiti cha dereva. Mimi nikashuka nikamwita Kandida, nikamwambia, "Binti, kusanya vilivyo vyako, hii gari inaondoka." Akaniangalia, akaangalia lile dekio lililokuwa mkononi mwangu, maana nilikuwa nimekuja nalo. Aliingia akachukua mkoba wake na kandambili. Kisha akafungua ile kamba ya taa iliyofungwa kwenye mti, mwenyewe, bila kuambiwa. Naomba asiadhibiwe kwa hilo.

Gari liliwaka mara moja. Aikaeli alilitoa barabarani taratibu kama mtu aliyebeba mayai. Mmoja wa wateja akasema, "Mzee, vipi tena?" Aikaeli akajibu kwa ile sauti yake ya kazini, ambayo nilikuwa sijaisikia tangu astaafu: "Karibuni safari, ndugu zangu. Mbele yetu kulia ni Mlima Meru. Tafadhali msitoe mikono nje." Yule mteja akauliza tunakwenda wapi. Akaambiwa Maji ya Chai. Akasema, "Basi sawa, mimi nakaa hukohuko," akaendelea na mishkaki yake. Tuliwashusha wote watatu Maji ya Chai salama, na mmoja alitushukuru kwa lifti. Kreti za bia na spika za muziki tulizishusha kwa mshili siku ileile, hatukugusa hata chupa moja. Aende akazihesabu.

Jumapili niliosha lile gari ndani kwa maji ya moto na sabuni, mara tatu. Dekio nililifua, nikaloweka, nikafua tena. Nililishona upya darini. Doa halijatoka lote, kuanzia Lindi kwenda chini pana rangi ya chai, lakini vifungo vipo. Nilitaka kuipaka rangi ile michoro ya nje, Aikaeli akasema, "Achana nayo Mama Anneth. Si tunakwenda beach?" Akacheka mpaka akakohoa.

Rodrick Jumapili nzima hakupiga simu wala hakuja. Nadhani alikuwa ameona aibu, au aliogopa wazee. Na pengine angekaa kimya hivyohivyo. Linalofuata nalisema mwenyewe kwa sababu ni la kwangu, si la mume wangu.

Leo asubuhi saa moja tuliondoka Akheri. Kufika Kikatiti, nilimwona Rodrick amesimama mahali ilipokuwa baa yake, amezungukwa na viti vya plastiki, anawaeleza watu jambo kwa mikono. Aikaeli alitaka kupita. Nikamwambia punguza mwendo. Nikamwambia piga honi. Akasema, "Ndeshi, tupite tu." Nikasema piga honi, Baba Anneth, kama unanipenda. Akapiga. Nilifungua pazia langu lote, nikalibandika lile jani la masale, nililokuwa nimelitoa nyuma ya kalenda, kioo cha mbele alione, nikampungia mkono kama mtalii. Watu walicheka. Kuna mama mmoja wa ndizi alipiga vigelegele. Raha niliyoipata sijawahi kuipata siku yoyote, Mungu anisamehe, na nitairudia kwenye mawazo yangu mpaka nife.

Hatukwenda mbali. Kwenye kizuizi cha barabarani askari walitusimamisha, wakasema Rodrick amepiga simu kwamba gari limeibwa, tukarudishwa hapa.

Nimesomewa maelezo ya Rodrick. Amesema gari alipewa na kaka yake mbele ya ukoo, na ushahidi wake ni kwamba tulipokea masale, na kwa mila zetu tulipopokea tulimwachia. Nilipoyasikia hayo nilisimama, afande akaniomba nikae. Nimekaa. Sasa aandike jibu langu: mtu hapeleki masale kwa kitu alichopewa. Kwa zawadi unasema asante, hupigi magoti ukasema nimekosa. Lile jani analolitaja ndilo linalosema kwamba gari aliliiba kwa ujanja, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mshili na wazee, na wote wapo, wana simu.

Afande Violet amenieleza hali ilivyo. Kadi ya gari ina jina la mume wangu. Nikitaka, naweza kumfungulia Rodrick kesi ya kuiba alichoaminiwa na ya kudanganya polisi, na anaona itasimama. Lakini kesi ikifunguliwa, Coaster ni kielelezo. Itakaa hapa uwanjani mpaka mahakama iamue, na hajui ni lini. Kama pande zote zitasaini kwamba hazina shauri, gari linatoka leo.

Nilimwambia nataka kesi. Niliitaka kwa moyo wangu wote. Nilitaka nimwone Rodrick kizimbani na ile suruali ya ibada, aulizwe kuhusu dekio na mtu aliyevaa joho. Nilikuwa tayari kungoja miaka.

Afande akanitoa nje nikaongee na mume wangu kwanza. Walimruhusu akae ndani ya gari, kwa sababu kwenye benchi la mapokezi upepo unapiga. Nilimkuta amelala kitandani, amefunika miguu, anaangalia dari. Dirisha la kushoto linaangalia ukuta wa choo cha kituo. Nikamweleza habari ya kesi. Hakubishana. Aligusa kile kifungo cha kwanza, cha Tanga, akasema, "Ndeshi, mimi nataka bahari tu." Kisha akakohoa, nikamshikilia mgongo, na kikohozi hakikuisha haraka.

Nilipokuwa narudi ndani, Rodrick alikuwa kwenye korido. Alishajulishwa kwamba maelezo yake yana kasoro. Akaninyenyekea, akasema, "Shikamoo Mama Anneth. Haya tuyamalize kifamilia. Si masale yapo?" Alikuwa anatabasamu, afande. Alisema "si masale yapo" kama mtu anayekumbushia kadi ya kliniki.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kesi siifungui. Nitasaini kwamba mbele ya Serikali sina shauri na Rodrick Nnko, na gari litoke leo hii mapema iwezekanavyo, maana tuna safari ya kufika Tanga.

Lakini lile jani nalirudisha. Nimelibandua kwenye kioo na nimeliweka hapa mezani mbele ya afande. Naomba yeye amkabidhi, kwa sababu mimi mkono wangu sitaki uguse wake. Namrudishia kwa kuwa alilitumia kudanganya ukoo, akalitumia tena leo kudanganya polisi, na kwa kuwa alimwambia kaka yake atafia huko. Nimemlea, najua. Hata hivyo nalirudisha. Mshili nimempigia simu nikiwa hapa, spika ikiwa wazi, amesikia. Amesema, "Nimesikia, mama," akakata bila kuaga.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyatenda kwa akili yangu. Nimesomewa, hakuna neno lililoongezwa. Siombi hata moja lipunguzwe.

Sahihi: N. Sifael

MAELEZO YA ASKARI MWANDISHI

Maelezo haya yameandikwa nami, WP Koplo Violet, na kusomwa kwa shahidi kwa lugha ya Kiswahili. Pande zote mbili zimesaini kutokuwa na shauri. Mtuhumiwa ameachiwa. Gari aina ya Toyota Coaster lenye mchoro wa bahari limekabidhiwa kwa mwenye kadi na limeondoka kituoni kuelekea Moshi saa 7:40 mchana, dereva akiwa ni shahidi Ndeshi Sifael mwenyewe, ambaye leseni yake imekaguliwa na ni halali. Mumewe alikuwa nyuma, amelala, upande wa kushoto.

Mlalamikaji Rodrick Nnko aliitwa kaunta kukabidhiwa jani moja la kijani, refu. Alipoliona alirudi nyuma, akakataa kulipokea. Alilia. Aliniomba nilirudishe kwa shahidi, nikamjulisha kwamba shahidi ameshaondoka. Ametoka kituoni saa 8:05 mchana kwa miguu.

Nimewaagiza askari wawili wa zamu, ambao ni wenyeji wa Nkoaranga, walihamishie jani hilo kwenye stoo ya vielelezo. Wameomba radhi kwamba hawawezi kuligusa. Hadi naandika haya jani bado lipo kaunta, na wananchi wanaofika kituoni wanajipanga foleni upande wa pili.